Mdomo na Miguu: Kuchagua Darubini ya Kwanza ya Kutazamia Nyota

Boksi la darubini lilikuwa na picha ya sayari ya Zohali, kubwa, ya rangi ya machungwa, pete zake kama zimekatwa kwa mkasi. Juu yake, kwa herufi nyekundu: 525x. Muuzaji alinieleza kwamba maana yake ni kitu kusogezwa karibu mara mia tano ishirini na tano. Mimi, ambaye mpaka siku hiyo nilikuwa nimetazama mbingu kwa macho matupu tu, nikaona hapa ndipo. Nikalipa hata bila kuomba apunguze.

Usiku huo uani kwetu Mbezi tulipanga foleni: mke wangu, wapwa wangu wawili, na jirani aliyesikia kuna kitu. Nikachomeka lenzi ndogo kuliko zote kwa sababu karatasi ya maelezo ilisema ndiyo inayokuza zaidi, nikaongeza na kirija cha kuzidisha mara tatu. Mshtarii, sayari ambayo vitabu vingine huiita Jupita, ilikuwa inang'aa juu ya mnazi, haikosekani. Lakini kuiingiza kwenye darubini kulinichukua zaidi ya robo saa. Kila nikigusa gurudumu la fokasi, stendi inatetemeka na sayari inaruka nje. Nilipoikamata mwishowe, lilikuwa doa la kijivu lisilo na kingo, linaloogelea kama mwezi kwenye ndoo ya maji iliyopigwa teke.

"Mjomba," akasema yule mdogo, jicho moja amelibana, "mbona hamna kitu?"

Darubini ile haikuwa mbovu, na hilo nilichelewa sana kulielewa. Ilikuwa darubini ndogo ya kawaida iliyolazimishwa kazi isiyoiweza, na aliyeilazimisha ni mimi kwa kuamini namba ya kwenye boksi. Ukitaka kununua darubini ya kwanza, anza kwa kuielewa namba hiyo, maana ndiyo utakayoonyeshwa kwanza dukani na mtandaoni, na ndiyo isiyo na maana kuliko zote.

Namba inatoka wapi

Darubini haina ukuzaji wake yenyewe. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya: unachukua urefu wa fokasi wa darubini, yaani umbali kutoka lenzi au kioo chake hadi pale mwanga unapokutana, unagawa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani kile kilenzi unachochomeka na kuwekea jicho. Yangu ilikuwa na fokasi ya milimita 700. Lenzi za jicho zilikuja tatu: 20, 12.5 na 4. Gawanya 700 kwa 20, unapata 35. Gawanya kwa 4, unapata 175. Weka katikati kirija kinachoitwa Barlow, kinachozidisha mara tatu, na 175 inakuwa 525. Hesabu ni sahihi kabisa, hakuna aliyeandika uongo. Na kwa hesabu hiyo hiyo, wangeweka virija viwili wakaandika 1575.

Tatizo ni mwanga. Chukulia mwanga unaoingia kwenye darubini kuwa majani ya chai, na ukuzaji kuwa maji. Majani ya vikombe viwili ukiyachemshia kwenye sufuria ya msibani, chai utaipata nyingi, ila hakuna atakayeijua kuwa ni chai. Ukuzaji ukiongezeka mara mbili, mwanga ule ule unasambazwa kwenye eneo kubwa mara nne. Picha inafifia, kingo zinayeyuka, na kila mtetemo wa stendi na kila mchemko wa hewa hukuzwa pamoja na sayari.

Wapenzi wa nyota wana kipimo cha kukadiria kinachofaa kukariri: ukuzaji wa juu kabisa wenye manufaa ni kama mara mbili ya kipenyo cha mdomo wa darubini kwa milimita. Mdomo wa darubini yangu ulikuwa milimita 60. Kikomo chake basi ni 120, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Kutoka 120 hadi 525 ni chai ya msibani.

Galileo alipoigundua miezi minne ya Mshtarii Januari 1610, darubini yake ilikuwa inakuza mara 20 hivi. Mimi na mara zangu 525 sikuona hata mmoja. Wiki mbili baadaye, kwa hasira zaidi kuliko maarifa, nilichomeka ile lenzi ya 20 niliyokuwa nimeidharau, na hiyo miezi minne ikajipanga pembeni ya sayari kama shanga kwenye uzi.

Mdomo

Kinachonunuliwa kwenye darubini ni mdomo: upana wa lenzi ya mbele, au wa kioo kilichobonyea kilichoko chini ya bomba. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka kufikia kama milimita 7. Mdomo wa milimita 60 unakusanya mwanga mara 73 ya jicho hilo. Wa milimita 150 unakusanya zaidi ya mara 450. Watu huteleza hapa kwa sababu 150 haionekani kuwa mbali sana na 60, lakini mwanga hufuata eneo, na eneo hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kutoka 60 kwenda 150 mwanga unaongezeka mara sita na robo.

Mdomo mpana unatoa na kitu cha pili: unatenganisha vitu vilivyokaribiana. Nyota mbili ambazo kwa mdomo mdogo ni moja, kwa mkubwa zinaachana. Mikanda ya Mshtarii, ambayo kwa milimita 60 ni miwili na unaibahatisha, kwa 150 inaanza kuonyesha mikunjo.

Ukiwa mtandaoni unaangalia bidhaa, usisome maneno, tafuta namba mbili: D na F, kipenyo na fokasi. Mara nyingine zimefichwa kwenye jina la modeli. Ukiona 70700, hiyo ni milimita 70 ya mdomo na 700 ya fokasi. Zile ndogo zinazojaa kwenye masoko ya mtandaoni kwa jina F36050 zimegeuzwa: fokasi 360, mdomo 50, na stendi ya urefu wa kiganja kimoja na nusu. Hizo ni za kuangalia Mwezi na ndege kwenye mwembe. Mtoto atafurahi siku mbili. F30070 ina mdomo mpana zaidi, ila fokasi yake fupi mno kwa lenzi ya bei hiyo, na ukiangalia Mwezi utaona umezungushiwa uzi wa zambarau ambao haupo.

Uzi huo ni ugonjwa wa lenzi. Kioo cha lenzi kinapopinda mwanga hakipindi rangi zote sawasawa, kwa hiyo nyekundu na buluu haziangukii mahali pamoja. Darubini za lenzi zilizo ndefu, ambazo fokasi ni mara kumi au zaidi ya mdomo, kama 70 kwa 700 au 90 kwa 900, hulipunguza tatizo kiasi cha kuvumilika. Uzuri wake ni kwamba hazitaki matunzo: unaitoa, unaangalia, unairudisha. Newton aliukwepa ugonjwa huo mwaka 1668 kwa kutumia kioo cha kuakisi badala ya lenzi, kwa sababu kioo huakisi rangi zote njia moja. Kioo ni rahisi pia kukitengeneza kikiwa kikubwa, ndiyo maana kwa pesa ile ile darubini ya kioo itakupa mdomo mpana zaidi. Gharama yake ni kwamba vioo vyake viwili lazima vitazamane sawasawa, na baada ya kusafirishwa kwa basi la mkoani vitakuwa vimehama. Kuna skrubu tatu nyuma ya bomba za kuvirudisha. Mara ya kwanza utatumia saa nzima na kuapa hutarudia. Mara ya tano ni dakika tano.

Upo mtego mmoja kwenye darubini za kioo ambao siku hizi nautafuta kwa macho kabla ya kitu kingine. Tangazo linasema mdomo 114 au 127, fokasi 1000. Kisha unaangalia picha: bomba halizidi nusu mita. Darubini ya kioo ya kawaida huwa na bomba linalokaribia urefu wa fokasi yake. Fokasi ya mita moja ndani ya bomba la nusu mita maana yake kuna kilenzi cha bei rahisi kimefichwa kwenye shingo ya lenzi ya jicho, kinachorefusha fokasi kwa nguvu. Kinaharibu picha, na kinafanya kazi ya kulinganisha vioo iwe adhabu. Ziache. Bomba fupi linalokubalika ni la aina iitwayo Maksutov, yenye kioo nyuma na lenzi nene mbele, mwanga ukienda na kurudi ndani. Mdomo wa 90 hadi 127 wa aina hiyo unaingia kwenye begi la mgongoni, na kwa anayeishi ghorofani na kibaraza kimoja, anayetaka Mwezi na sayari tu, sioni kinachoishinda.

Miguu

Ningeulizwa ni wapi watengenezaji wa darubini rahisi wanabania pesa, ningejibu bila kufikiri: kwenye stendi. Mteja hanunui stendi, ananunua bomba, kwa hiyo bomba linawekwa kwenye miguu mitatu ya alumini myembamba kama mabomba ya antena. Jaribio lake ni hili. Elekeza darubini kwenye kitu cha mbali, nguzo ya umeme au mnara wa simu, kisha gonga bomba taratibu kwa kidole huku jicho liko kwenye lenzi. Hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, nunua. Ikiendelea kucheza mpaka sekunde nne, tano, rudisha, hata kama mdomo ni mzuri. Ile yangu ya kwanza ilifika sekunde sita, na usiku wa upepo wa kusi haikutulia kabisa.

Kuna jambo la stendi ambalo ushauri mwingi wa mtandaoni hautuambii, kwa sababu umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya anga yao. Watakusifia stendi ya kiikweta. Ni ile yenye mhimili uliolala kwa mshazari, na fimbo yenye uzito wa kusawazisha upande wa pili. Wazo lake ni zuri: ukiuelekeza mhimili kwenye ncha ya anga, pale ambapo mbingu yote huonekana kuzunguka, unaifuata nyota kwa kuzungusha kifundo kimoja tu. Mtu wa London anauinua mhimili nyuzi 51 na kuuelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini. Hiyo ndiyo picha iliyomo kwenye karatasi ya maelezo.

Sasa ilete Dar es Salaam. Sisi tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini haionekani, iko chini ya upeo. Ncha tunayopaswa kuilenga ni ya kusini, nayo kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba ya jirani, na hakuna nyota angavu ya kuionyesha. Mhimili inabidi ulazwe karibu ulale kabisa, na hapo ndipo fimbo ya uzito huanza kugonga miguu ya stendi. Stendi nyingi za bei nafuu hazikubuniwa kulazwa hivyo. Nairobi ni zaidi: iko nyuzi moja na kidogo kutoka ikweta, kwa hiyo mhimili unalala chali. Jina linasema kiikweta, lakini ikweta ndipo mahali inapokaa vibaya kuliko popote.

Halafu kuna upande unaotupendelea. Karibu na ikweta, nyota inayochomoza mashariki hupanda karibu wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Stendi ya kawaida, inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia, hapa kwetu inaifuata nyota ya mashariki kwa kusukuma upande mmoja tu, juu. Kinachowasumbua wao kisitusumbue sisi. Usilipe pesa ya ziada kwa stendi ya kiikweta kwa darubini ya kwanza. Pesa hiyo iongeze kwenye mdomo.

Stendi ya kawaida iliyo imara kuliko zote, na rahisi kuliko zote, ilitoka kwa mtawa. John Dobson aliishi kwenye monasteri ya Vedanta, wafuasi wa falsafa ya Kihindu, mjini San Francisco, na miaka ya 1950 akaanza kujichongea darubini kwa vitu vilivyotupwa, vikiwemo vioo vizito vya madirisha ya meli alivyovisugua mpaka vikabonyea, na mabomba ya karatasi ngumu. Bomba alilikalisha kwenye boksi la mbao linalozunguka juu ya ubao mwingine. Hakuna miguu mitatu, hakuna fimbo, hakuna gia. Alikuwa akitoka na darubini zake mitaani ili watu waangalie, na mwaka 1967 monasteri ikamwondoa. Mwaka uliofuata kikazaliwa kikundi cha kutazama nyota kando ya barabara, na leo watengenezaji wengi huuza darubini za boksi lake kwa jina la Dobson.

Kwa fundi seremala wa kwetu boksi hilo ni kazi ya siku mbili: plaiwudi, kipande cha fomeka cha kutelezea, vipande vya teflon chini yake. Nimemwona fundi wa Tabata akitengeneza moja kwa kuangalia picha kwenye simu, na alichouliza ni kimoja tu, hili jeneza ni la nani. Anayepata bomba lenye kioo, jipya au la mkononi, hana sababu ya kulipia usafirishaji wa mbao kutoka ng'ambo.

Anga letu

Kabla ya kutaja nitakachokushauri ununue, ni vizuri ujue utaona nini, maana watu wengi huiuza darubini nzuri kwa sababu walitarajia picha za Hubble, ile darubini iliyoko angani. Rangi zile hutoka kwenye kamera inayokusanya mwanga kwa saa nyingi. Jicho halikusanyi. Galaksi, kwa darubini yoyote utakayoimudu, ni wingu dogo la kijivu, na uzuri wake upo kichwani: kwamba mwanga wa Andromeda ulioingia jichoni mwako ulisafiri miaka zaidi ya milioni mbili. Mwenye kuhitaji rangi siku hizi ananunua darubini janja yenye kamera, inayotuma picha kwenye simu. Picha zake ni nzuri. Lakini huo ni upigaji picha, unakaa sebuleni na kusubiri simu, na makala haya ni ya wanaotaka kuweka jicho.

Vya kuona kwa jicho havipungui. Mwezi kwanza, tena usiwe mpevu: ukiwa nusu, kwenye mpaka wa mwanga na kivuli, milima na mashimo yanasimama kama umeyashika. Zuhura inakonda na kunenepa kama mwezi mdogo. Zohali huonyesha pete kuanzia ukuzaji wa 30 hivi. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeukia kwa ubavu zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Anayeanza leo ameanza wakati mzuri.

Na hapa tulipo ni mahali pazuri. Sayari zinapita juu ya vichwa vyetu. Kutoka Dar es Salaam, sayari kubwa zikifika kilele chake huwa hazishuki chini ya nyuzi 57 hivi, hewa iliyo kati yako na zenyewe ni fupi na safi. Mwaka 2018 Zohali ilipokuwa kusini mwa anga, watu wa London waliiona ikifika nyuzi 16 tu, imezama kwenye moshi na mchemko wa mapaa. Kwetu ilikaribia utosini. Sisi tunaziona pia anga zote mbili. Jioni ya Novemba, mvua za vuli zikiruhusu, Andromeda inakuwa kaskazini na Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kusini kwa wakati mmoja, na hapo unahitaji kugeuza shingo tu. Wazungu wengi wa kaskazini hawajawahi kuliona hilo la pili maisha yao yote.

Wazee wetu hawakuwa na lenzi, lakini ramani walikuwa nayo. Nyota ya Suheli iliwaongoza manahodha, na Kilimia kiliwaambia wakulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenye programu ya Stellarium, inayopatikana bure kwenye simu, Kilimia utakikuta kimeandikwa Pleiades na Jabari imeandikwa Orion. Jizoeze kuvipata kwa macho kwanza. Darubini inaona sehemu ndogo ya anga kiasi kwamba asiyejua mahali pa kuielekeza ni kama anayetafuta sindano Kariakoo kupitia tundu la ufunguo.

Basi nunua nini

Kama bado hujajua kama hili ni penzi au ni tamaa ya wiki mbili, nunua darubini ya macho mawili ya 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni mdomo. Itakuonyesha Kilimia kizima, jambo ambalo darubini kubwa haiwezi kwa sababu kundi hilo halienei ndani yake, pia Mawingu ya Magellan, nyota zilizosongamana kwenye mkia wa kundi la Nge mwezi wa Julai, na ukiegemea ukuta vizuri, miezi ya Mshtarii. Siku penzi likiisha, inabaki kuwa ya mbugani.

Anayejua anataka, na mfuko haujanona, atafute Dobson ya mezani yenye kioo cha milimita 114 au 130. Inakaa juu ya stuli imara, stuli, si meza ya plastiki. Hata mjini inatosha kwa Mwezi na sayari, na ukiipeleka kijijini inakupa mafundo ya nyota.

Lakini ninayoipendekeza kwa moyo wote ni Dobson ya sakafuni ya milimita 150, fokasi 1200. Ng'ambo imekuwa ikiuzwa kati ya dola 300 na 450 hivi, na usafiri na ushuru ndivyo vitakavyokuumiza, kwa hiyo piga hesabu ya mzigo kabla ya kushangilia bei. Ina bomba la zaidi ya mita moja, uzito wa mfuko mdogo wa saruji au pungufu, inapanda kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Ya milimita 200 ni bora zaidi kwa macho na mbaya zaidi kwa mgongo. Kasoro ya Dobson moja: kitu kikiwa utosini kabisa, bomba limesimama wima na kuligeuza ni mieleka. Kwa kuwa sayari zetu hupita huko huko, ziangalie saa moja na nusu kabla ya kufika kileleni au baada yake.

Kama unaweza, tazama kwanza kupitia ya mtu mwingine. Kenya kuna Travelling Telescope, ya Susan Murabana na Chu Owen, wanaozungusha darubini mashuleni, na usiku mmoja wa namna hiyo utakufundisha kuliko video ishirini.

Lenzi za jicho mbili zinatosha kuanzia, ya 25 na ya 10. Ile Barlow ya bure iliyomo boksini mpe mtoto achezee.

Pwani, adui wa darubini ni unyevu. Kuvu huota kwenye lenzi kama kwenye mkate na haitoki. Usiifunike ikiwa na umande, iache ikauke, kisha ihifadhi na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kioo kikiwa na vumbi, kiache na vumbi lake. Kufuta kwa kanga ni kukwangua.

Na jua. Usielekeze darubini kwenye jua, hata kwa sekunde, bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wote mbele. Baadhi ya darubini za zamani na za bei rahisi huja na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitupe leo, maana kinakaa pale ambapo joto lote limekusanyika na kinaweza kupasuka jicho likiwa pale. Nasema hivi mapema kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, giza kamili likipita Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na Kenya na Tanzania litaonekana limemegwa. Siku hiyo kila mwenye darubini atashawishika.

Darubini ya 150 niliipeleka kwa shemeji yangu Kondoa mwezi wa Agosti, mahali ambapo Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota angani, inaonekana kabla hujamaliza kushuka kwenye gari. Nilichomeka lenzi ya 10, ukuzaji 120. Kwa ukuzaji huo Zohali inakatiza kwenye lenzi kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika moja na sekunde arobaini hivi, kwa sababu dunia inazunguka na boksi la Dobson halina mota. Watoto walikuwa tisa. Yule mpwa aliyeniuliza mbona hamna kitu sasa ni kidato cha tatu, akajipa cheo cha kusimamia foleni. Mtoto wa kwanza alipopoteza sayari alisukuma bomba kule alikoiona ikikimbilia, ikapotea zaidi.

"Humo ndani kila kitu kimepinduka," mpwa akamwambia, akairudisha kwa kidole kimoja. "Sukuma kinyume. Haya, nani anafuata?"